Nani atabeba kipoyi? Mzee na jirani yake katika historia ya Masisi



Leo nawaletea historia ya kitu ambacho hatukukisoma darasani: kipoyi. Aliyekulia Kibabi au vijiji vya karibu, kwenye milima ya Masisi, anakijua. Miti miwili mirefu, katikati kitanda cha kamba au cha mianzi, blanketi juu, mgonjwa ndani. Mvua ikinyesha wiki nzima, gari haipandi, pikipiki inateleza, na mzee akizidiwa usiku hakuna ambulansi. Kuna mabega. Wanne wanabeba, wanne wanafuata nyuma wakingoja zamu, mmoja anatangulia na tochi. Wanabadilishana wakiwa wanatembea, bila kumweka mgonjwa chini, mpaka kituo cha afya.

Nimechagua kipoyi kwa sababu tumezoea kusema "kuheshimu wazee ni utamaduni wetu", halafu tunanyamaza. Sentensi hiyo imetufunga akili. Ukisha kusema ni utamaduni, huulizi tena ilianza vipi, ilikuwa inalipwa na nini, nani aliivunja, nani aliiokoa. Heshima kwa mzee ina historia, kama vile barabara ya Sake kwenda Masisi ina historia. Na ukiifuatilia vizuri, utakuta kwamba katika milima yetu mtu aliyemweka mzee hai, mara nyingi sana, hakuwa mtoto wake. Alikuwa jirani.

Tuanze na mabega yenyewe.

Babu zetu wa wakati wa Wabelgiji walikijua kipoyi kama mateso. Mzungu wa Leta au mmisionari alipotaka kupanda milima, mara nyingi hakutembea. Alikaa kwenye kiti chake, na vijana wa kijiji wakaweka miti begani. Vita ya kwanza ya dunia ilizidisha. Jeshi la Force Publique lilipotoka upande wa Kivu kuelekea Tabora, mji ambao liliuteka Septemba 1916, risasi na chakula vilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari wenyewe, na wengi wao hawakurudi nyumbani. Kwa hiyo katika kumbukumbu ya Kivu, neno "kubeba" lina kidonda ndani yake.

Lakini kubeba mgonjwa kulikuwepo kabla ya Mzungu, hilo halina ubishi. Wenye kusema Kinyarwanda, na kwetu Masisi ni wengi, wana neno moja la kuvutia: ingobyi. Ingobyi ni kile ambacho mama anabebea mtoto mgongoni. Ingobyi pia ni kile kitanda cha kubebea mgonjwa. Neno moja kwa mtoto mchanga na kwa mzee aliyeishiwa nguvu. Ng'ambo ya mpaka, Kigezi huko Uganda, wanasema engozi, ni neno hilohilo. Waliolitunga walikuwa wameshafikiri kitu ambacho sisi na diploma zetu hatujakifikiri bado.

Sasa tuje kwenye daftari za Wabelgiji. Katika kuhesabu watu, mtu aliyekuwa na maana kwao alikuwa HAV, yaani "homme adulte valide", mwanaume mzima mwenye nguvu. Ndiye alilipa kodi, ndiye alitengeneza barabara, ndiye alilimishwa mazao ya lazima. Mazao hayo ya lazima yaliwekwa mwaka 1917, siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, vita ya pili ikiendelea, zikapandishwa mpaka siku 120. Mzee hakuwa HAV, na kwa upande wa kodi hiyo ilikuwa nafuu kwake. Lakini piga hesabu upande wa pili. Siku 120 za kijana zimekwenda kwa Leta. Wengine wamekwenda kwenye mashamba makubwa ya Wazungu, wengine kwenye migodi. Nyumbani, shamba la baba mwenye miaka sabini linalimwa na nani? Paa lake linaezekwa na nani kabla ya mvua? Daftari haikuuliza, na sehemu kubwa ya jibu ilikuwa wanawake: mke wa mwana, binti ambaye hajaolewa, na mama wa nyumba ya pili. Hawakuwa HAV hao pia.

Hapo kabla, mzee alikuwa na kitu mkononi. Kwa Bahunde, ardhi ilishuka kutoka kwa mwami, ikapitia kwa wakubwa wake, mpaka kwa wazee wa familia. Kijana aliyetaka kuoa alihitaji shamba, na shamba lilipitia kwa wazee. Alihitaji mifugo ya mahari, nayo ilipitia kwa wazee. Alihitaji mtu wa kumsemea akigombana na mtu, naye alikuwa mzee, pale barazani. Kwa hiyo kuinama kule, kuni zile zilizoletwa asubuhi, na pombe ile ya ndizi ya kwanza iliyotengwa kwa ajili yake, ndiyo, ilikuwa heshima. Ilikuwa pia na hesabu. Sisemi hivyo kuwadharau mababu. Heshima yenye hesabu inadumu, kwa sababu kila mtu anajua kwa nini anafanya anachofanya.

Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili mwaka 1962, katika kile kijitabu chake juu ya ujamaa. Alieleza kwamba mzee unayemwona amekaa, kana kwamba anakula bila kufanya kazi, alikwisha kufanya kazi yake yote wakati wa ujana, na mali unayoiona kwake si yake peke yake bali ni ya wote, yeye ni mlinzi wake tu. Ni wazo zuri, na kwa sehemu ni kweli hata kwetu. Ila mzee wa Nyerere ananukia sana mwanaume. Mzee mwanamke, mjane, aliyeolewa kutoka kijiji kingine na ambaye watoto wake wa kiume wamekufa, alikuwa mlinzi wa mali gani? Huyo hakuwa na shamba la kumgawia mtu. Alikuwa na majirani. Kwangu mimi, historia ya kweli ya heshima inapimwa kwake, haipimwi kwa mzee mwenye ng'ombe.

Halafu likaja jambo lililobadilisha Masisi kabisa. Kuanzia 1937 mpaka 1955 Wabelgiji walileta makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda na kuwapa makao Masisi, wengi wao kwanza kule Gishari. Mpango huo uliitwa MIB. Walitaka kupunguza msongamano na njaa kule Rwanda, na walitaka wafanyakazi kwa ajili ya mashamba ya wakoloni huku. Mambo ya siasa yaliyotoka hapo mnayajua, na si mada ya leo. Mimi naangalia kitu kidogo zaidi. Mtu aliyefika mlimani na mke na watoto aliacha nyuma makaburi ya babu zake, na si vigumu kufikiri kwamba wengi waliacha pia wazazi wasioweza safari. Na Muhunde aliyekuwa amezungukwa na ukoo wake peke yake, sasa akaamka na kuona ng'ambo ya bonde moshi wa mtu ambaye si ukoo wake.

Hapo ndipo jirani anapata uzito katika Masisi: mtu ambaye si damu yako, labda hata lugha ya nyumbani si yako, lakini moshi wa jiko lake unauona kila asubuhi. Na moshi si kitu kidogo. Kwenye milima yenye baridi kama yetu, nyumba ambayo haitoi moshi asubuhi ni habari. Mzee anayeishi peke yake akikosa kuwasha moto, kabla saa mbili haijafika mtoto ametumwa: "Nenda uangalie koko kama ameamka." Hakuna ofisi ya Leta iliyoweka utaratibu huo. Ulijengwa na watu ambao walilazimishwa kuishi pamoja na wakaona kwamba uzee hauulizi kabila.

Baada ya uhuru pigo lingine lilikuja kwa karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Leta. Ardhi ya kimila iliachwa ingoje agizo la rais, na agizo hilo halikuja. Miezi minne baadaye, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianisation, na mashamba ya Wazungu yakaanza kugawiwa kwa Wazaire, hasa wale waliokuwa karibu na wakubwa. Masisi, yenye mashamba na malisho mazuri, iliguswa sana. Neno la mzee aliyejua mpaka unapita kwenye mti gani likawa dogo mbele ya mhuri wa mjini. Malisho yakapanuka, mashamba ya wadogo yakapungua, na kijana akaelewa haraka kwamba ardhi haipatikani tena kwa kumpelekea mzee kuni. Inapatikana kwa pesa, au haipatikani.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu naona ndipo penye mgeuko mkubwa. Tunapenda kulaumu simu, muziki, na miji kwamba vimeharibu vijana. Lakini heshima ya zamani ilikuwa imekaa juu ya ardhi, na ardhi iliondolewa chini yake miaka 50 iliyopita, kwa sheria iliyopigiwa mhuri. Mzee akabaki na jina bila shamba nyuma yake. Cha kushangaza si kwamba vijana fulani waliacha kuinama. Cha kushangaza ni kwamba wengine waliendelea kubeba kipoyi, wakati kipoyi hakikuwa tena na malipo yoyote.

Wakati huohuo Leta ya MPR ilileta salongo, kazi ya pamoja, kwa kawaida siku ya Jumamosi. Wazee wetu wengi wanaikumbuka kwa hasira, juu ilikuwa ya lazima, na asiyefika alijua kitakachompata. Lakini neno limeishi kuliko utawala ulioliweka. Leo ukisikia vijana wa kijiji wanasema "kesho tuko na salongo kwa mama fulani", mara nyingi maana yake ni kwamba ukuta wa udongo wa mjane umeanguka na wanakwenda kuusimamisha, na chakula cha siku hiyo kitakuwa viazi na maharagi vilivyochangwa. Neno la amri limegeuzwa kuwa neno la msaada, sawasawa na kipoyi.

Na pansioni je? Hapa wengi wetu tuna mawazo yasiyo wazi, basi tuweke sawa. INSS iliundwa tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, na baadaye ikabadilishwa kuwa CNSS. Ni kwa ajili ya mtu aliyekuwa na mwajiri na aliyekatwa mchango. Mkulima wa Kibabi hakuwahi kuwa na mwajiri. Mchimbaji wa mashimo ya upande wa Rubaya hana karatasi ya mshahara. Mama aliyeuza maharagi sokoni miaka arobaini hayumo kwenye faili lolote. Hata walimu wa Leta, ambao kwa kanuni wana haki ya kupumzika, tumewaona wakibaki darasani wakiwa na mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi, kwa sababu kustaafu bila pesa ni kujihukumu njaa. Sisi wenyewe tumefundishwa na wazee wa namna hiyo.

Kwenye maandishi, mzee wa Kongo amelindwa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye umri mkubwa ana haki ya hatua maalumu za ulinzi. Sheria ya familia ya 1987 inawapa watoto wajibu wa kuwatunza wazazi walio katika shida. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu, wa mwaka 1981, katika kifungu cha 29 unamtaka mtu aheshimu wazazi wake wakati wote na kuwasaidia wanapohitaji. Mwanasheria kati yenu ataongeza mengine. Lakini angalieni nani anatajwa: Leta na mtoto. Leta haijafika mlimani, na mtoto yuko Goma, Bukavu, Kampala, au kaburini. Jirani, ambaye ndiye yupo, hatajwi popote.

Sasa sehemu ngumu. Siwezi kuandika historia ya jirani katika Masisi na kuruka mwaka 1993. Machi mwaka huo, mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na watu zaidi ya laki mbili walikimbia makwao. Jirani alimuua jirani. Mtu ambaye moshi wake uliuona kila asubuhi alichoma nyumba yako. Katika vita ya namna ile wa kwanza kufa ni asiyeweza kukimbia. Kipoyi kinahitaji watu wanane wenye amani, na watu wenye hofu hawabebani. Lakini upande mwingine wa kumbukumbu ileile, kuna familia zilizomficha mzee wa kabila lingine chini ya maharagi ya kukausha, ghalani, na kumpeleka usiku mpaka bonde la pili. Habari hizo hazijaandikwa vya kutosha. Zinasemwa kwa sauti ya chini, juu pande zote mbili zina sababu ya kuzificha.

Na hapa niseme pembeni: ukisoma TFC na mémoire nyingi juu ya vita vya Masisi, utakuta waandishi wa Paris na Bruxelles kwenye kila ukurasa, na hakuna mzee hata mmoja wa kilimani aliyeulizwa. Waliomficha mtu ghalani wakiwa na miaka thelathini, leo wana zaidi ya sitini. Kila msimu wa mvua unachukua wengine.

Wazee wenyewe walijaribu kurekebisha. Mwaka 1998 iliundwa Barza Intercommunautaire ya Kivu ya Kaskazini, ambapo wazee wa makabila mbalimbali walikaa pamoja kuzima mizozo kabla haijafika kwenye bunduki. Jina lenyewe ni la zamani, baraza, pale pa kukaa. Ilifanya kazi kwa miaka kadhaa, halafu siasa ikaingia ndani na ikapoteza nguvu. Watu wanaikumbuka kwa namna tofauti, na sitaki kuipamba. Ila inaonyesha kwamba hata baada ya kupoteza ardhi, mzee alikuwa bado na kitu kimoja ambacho kijana mwenye bunduki hana: alikuwa anajua watu waliishije pamoja kabla hawajagombana.

Tangu hapo maisha yetu yamekuwa kukimbia na kurudi, na kila kukimbia kuna hesabu yake. Mama ana mtoto mgongoni, mzigo kichwani, bidoni mkononi, na watoto wawili wanaoshika kitenge chake. Baba kama yupo amebeba godoro na mbuzi. Koko amekaa mlangoni. Na koko anasema maneno ambayo kila mtu wa Masisi ameshayasikia: "Muende. Miye nitabaki nachunga nyumba." Sote tunajua hachungi nyumba. Anawapa ruhusa. Ni uongo wa huruma, mzee anautunga ili mtoto wake aweze kuondoka bila kulaaniwa na moyo wake mwenyewe.

Kinachofuata ndicho nilichotaka mkione. Mara nyingi kuna mtu wa pili ambaye hajaondoka, au ambaye mlango wake uko karibu na wa koko. Anasema "nitamwangalia". Hana undugu naye. Kesho yake atampelekea moto, viazi vilivyochomwa, maji. Siku risasi zikikaribia atamvuta mpaka kwenye migomba. Au kinyume chake: familia imefika Sake au Goma na mzee wao mgongoni, wakagonga mlango wa mtu wasiyemjua. Kwa miaka mingi wakimbizi wa ndani wa Kivu, wale tunaowaita badeplase, wengi wao hawakulala kambini. Walilala kwenye nyumba za watu, watatu kwenye kitanda kimoja, na mzee akapewa mahali karibu na jiko. Mashirika yaliyokuja na magari meupe yalihesabu vizuri waliokuwa kambini. Waliokuwa jikoni kwa mama fulani walihesabiwa kwa shida.

Na zamu hubadilika. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava katikati ya Goma. Ililipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Mamia ya maelfu ya Wagoma walitoka kwa miguu, kwa chukudu, kwa malori, wengi wakielekea Sake, yaani mlango wa Masisi. Wenye mji walilala kwa wenye kijiji. Miaka miwili haikupita kabla watu wa Masisi hawajateremka kwa barabara ileile kuelekea Goma, kambi za Bulengo na Lushagala zikajaa, na mzee aliyempokea mtu wa mjini mwaka 2021 akawa anatafuta bashi ya kujifunika kando ya mji. Mapema 2025 vita ikafika Goma yenyewe, na Februari kambi hizo zikavunjwa. Watu wakaambiwa warudi makwao. Kurudi kwa miguu kutoka Bulengo mpaka vijiji vya ndani ya Masisi, ukiwa na miaka sabini na tano, hilo nalo ni swali la kipoyi.

Kuna upande mwingine usiopendeza, na mhitimu hana ruhusa ya kuuruka. Mzee anayeishi peke yake, hasa mwanamke, anaweza kuheshimiwa leo na kuitwa mchawi kesho. Mwaka 2021 kule Kivu ya Kusini wanawake waliotajwa na wale manabii wanaoitwa bajakazi walishambuliwa, na wengine waliuawa. Huko Usukuma, Tanzania, kwa miaka mingi bibi vizee wameuawa juu ya macho mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia, hakuna zaidi. Fikirieni nyumba zetu za milimani, zisizo na dirisha, na kuni mbichi za msimu wa mvua. Kijana anayempelekea jirani yake mzee mzigo wa kuni kavu hamsaidii kupika tu. Anamwondolea ushahidi wa uongo usoni pake.

Sasa nirudi kwenye miti miwili, juu kuna swali ambalo wazee wa Kibabi wanauliza wenyewe na ni la hesabu tupu: "Bantu ba kubeba beko wapi?" Kipoyi kinataka watu wanane, kumi kwa mlima mkali. Vijana wa kijiji wamegawanyika. Kuna walioko kwenye mashimo ya koltani, kuna walioko mjini wanasoma au wanatafuta kazi, kuna walioshika bunduki, na kuna waliokufa. Pikipiki imesaidia sana, tusiidharau, lakini mzee aliyevunjika nyonga hakai kwenye pikipiki.

Kule Kigezi, ambako milima inafanana na yetu, watu waliliona tatizo hili mapema na wakafanya kitu cha akili. Vikundi vyao vya engozi, vya kubebana na kuzikana, vilikuwepo tangu zamani: kila nyumba mwanachama, kila nyumba inatoa mtu wa kubeba. Mwaka 1996 hospitali ya Kisiizi ilipoanzisha mpango wa bima ya afya, haikutunga vikundi vipya. Ilikwenda kwa vikundi hivyohivyo vya engozi, ikawaambia: ninyi tayari mnabebana mpaka mlangoni kwetu, sasa mchange pamoja na kwa ajili ya kinachotokea mkishafika. Watu ambao walikuwa hawaamini bima waliiamini, kwa sababu walikuwa wanaliamini bega la jirani. Kwetu tuna MUSO karibu kila kijiji, wanawake wanachanga kila wiki na wana sanduku na daftari, na akiba nyingi inakwenda kwenye biashara ndogo na ada za shule. Katika zile ninazozifahamu, mfuko wa mzee asiye na mtoto haupo. Ni jambo la kuongeza mstari mmoja kwenye kanuni.

Vikundi vya namna hiyo vina kanuni moja ambayo imenifurahisha kuliko zote. Mtu akihitaji kubebwa, majina yanaitwa. Asiyefika bila sababu analipa faini. Na aliye mbali, kwa kazi au kwa masomo, hafutwi kwenye daftari wala hasamehewi: anatuma mtu wa kushika nafasi yake chini ya mti, au anatuma pesa ya kumlipa atakayeishika.